Kukimbia Wawili Msituni Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili wa Njia za Tope

Baridi haimwezi mtu anayekimbia. Humvizia mpaka asimame. Nilijifunza hilo asubuhi moja ya majira ya baridi nilipotegua kifundo cha mguu kwenye mzizi uliofichwa na majani, mbali kidogo na mahali tulipoanzia. Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nimefungua zipu ya koti kwa joto. Baada ya dakika kumi meno yalikuwa yakigongana, na rafiki yangu ndiye aliyenifungia kamba za kiatu kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Maumivu ya mguu yalivumilika. Kilichotutisha ni jinsi joto lilivyonitoka upesi baada ya kukaa chini.

Tangu siku hiyo, kila tunapopanga kukimbia mashambani na kwenye misitu yenye tope, tunaanza na swali moja: mmoja wetu akishindwa kuendelea, nusu saa ya kwanza itakuwaje? Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinatokana na swali hilo. Mkishalijibu, akili inatulia na mnabaki na raha yenyewe: harufu ya majani yaliyooza, ukimya wa msitu usio na majani, na tope linalowafanya watu wazima wacheke kama watoto.

Pangeni kwa saa, msipange kwa kilomita

Kwenye lami kila mtu anaijua kasi yake. Kwenye tope zito kasi hiyo isahauni. Mtakimbia kipande kimoja vizuri kama mko uwanjani, kisha mita mia mbili mbele mtakuwa mnatembea huku mmeshikilia miti. Kwa mara ya kwanza, saa moja na nusu inatosha hata kama nyote mmezoea mbio ndefu.

Hesabuni pia muda wa kurudi mkitembea, kwa kuwa mmoja akiumia hivyo ndivyo mtakavyorudi. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo hadi leo watembeaji wanaitumia. Kwa vipimo vya sasa ni karibu saa moja kwa kila kilomita 5, na dakika 10 zaidi kwa kila mita 100 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya anayetembea njia nzuri. Kwa anayechechemea kwenye tope, mimi huzidisha mara mbili. Mkigundua kwamba kutoka sehemu ya mbali kabisa mtahitaji saa tatu za kuchechemea, fupisheni njia.

Umbo ninalolipenda ni la namba nane, yaani mizunguko miwili inayokutana karibu na mahali pa kuanzia. Mkimaliza mzunguko wa kwanza mnapita jirani na nguo zenu kavu, na hapo kila mmoja anasema kweli kama miguu bado ina hamu. Njia ya kwenda na kurudi ina kasoro moja kubwa: uchovu huwakuta mkiwa mbali kuliko mahali pengine pote.

Kisha mwanga. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 hivi, siku fupi kuliko zote katika mwaka ina mwanga wa jua wa saa 8 tu, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi ya hapo. Pangeni kumaliza saa nzima kabla ya jua kuzama. Hata hivyo bebeni taa za kichwani, kila mtu yake, zikiwa na chaji kamili.

Mtu mmoja asiyekimbia nanyi ajue mambo mawili: mnapita wapi, na ni saa ngapi aanze kuwatafuta. Hilo la pili ndilo husahaulika. "Tutarudi mchana" si saa.

Makubaliano kabla ya kutoka

Chagua mwenzako kwa makini kuliko unavyochagua viatu. Kasi zenu zikitofautiana si tatizo kubwa, hilo linatengenezeka. Tatizo ni mtu ambaye huwezi kumwambia "nimechoka" bila kuona haya. Mimi na rafiki yangu tuna makubaliano matatu, na tunayarudia kila mara ingawa tumeshayajua kwa moyo. Kasi ni ya yule aliye taratibu zaidi siku hiyo. Ikifika saa ya kugeuka tunageuka, popote tulipo. Na yeyote akisema "turudi," tunarudi, wala hadaiwi maelezo. Hili la mwisho limetuepusha na mengi, maana mtu aliyeanza kuzidiwa na baridi mara nyingi hawezi kueleza vizuri kinachomsibu.

Viatu

Kama mna fedha za kununua kitu kimoja tu, iwe viatu. Soli bapa ya viatu vya lami huteleza kwenye tope kama sabuni. Tafuteni viatu vyenye meno marefu, milimita 5 hadi 8, tena yaliyoachana. Yakibanana, tope hujaa katikati yake na baada ya hatua chache unarudi kwenye soli bapa, safari hii nzito kuliko mwanzo.

Viatu visivyopitisha maji vinavutia dukani. Mimi sivipendekezi kwa tope linalofika kwenye kifundo cha mguu. Maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea, na kiatu kinakuwa ndoo. Afadhali kitambaa chepesi kinachotoa maji kwa kila hatua. Miguu italowa, hilo likubalini mapema. Soksi nyembamba za sufu, zinazopita juu ya kifundo, huhifadhi joto hata zikiwa zimelowa. Pakeni vaselini kati ya vidole na kwenye visigino ili ngozi iliyolowa isichubuke.

Sasa kamba, kwa sababu tope zito hunyonya kiatu mguuni. Tumieni lile tundu la juu kabisa ambalo wengi huliacha wazi. Ingizeni kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili ifanye kitanzi kidogo, kisha ncha ya kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili. Vuteni kuelekea chini, fungeni fundo mara mbili, na mwisho chomekeni masikio ya fundo chini ya kamba ili vijiti visiyakamate. Kisigino kisicheze kabisa. Vidole viwe na nafasi.

Vaa kwa kukimbia, beba kwa kusimama

Mkiwa mlangoni mnapaswa kuhisi baridi kidogo. Anayehisi joto kabla ya kuanza amevaa kupita kiasi. Atalowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalompoza baadaye. Nguo ya ndani iwe ya sufu laini au poliesta. Pamba iacheni nyumbani, inashika maji na kuyang'ang'ania. Juu yake vaeni koti jepesi la kuzuia upepo, na upepo msiudharau: hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi huipokea kama iko karibu na sifuri. Kofia na glavu ni za lazima. Zina faida ya kuvuliwa na kuvaliwa bila kusimama, kwa hiyo ndizo mnazodhibitia joto njiani.

Mfuko wa mgongoni una kazi nyingine. Humo mnaweka vitu vya yule aliyesimama: sweta nene kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, koti la mvua, glavu za akiba, blanketi la dharura la karatasi ng'aavu, bandeji ya kukaza, filimbi, na chakula kitamu kisichoganda kuwa jiwe kwa baridi. Kila mmoja abebe vyake. Msigawane kwa hoja kwamba mko pamoja, kwa sababu huenda mkalazimika kuachana. Simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, maana betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi na simu inaweza kuzima ghafla ingawa ilionyesha ina chaji.

Kiu hupungua wakati wa baridi lakini mwili unaendelea kupoteza maji. Kunyweni mafunda machache kila baada ya muda. Mkipita saa moja na nusu, kila mmoja ale gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa.

Kuingia kwenye tope

Tembeeni haraka dakika tano za mwanzo, kisha kimbieni polepole kilomita nzima ya kwanza. Misuli iliyopoa haipendi kuvutwa ghafla, na tope litaivuta tu.

Halafu linakuja dimbwi la kwanza, na kila mtu hufanya kosa lilelile la kulizunguka. Ukingoni ndiko kwenye mteremko na utelezi mkubwa zaidi, na kila anayezunguka huipanua njia na kuua mimea ya pembeni. Piteni katikati. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo yaoge, na baada ya hatua tatu miguu imeshalowa, hofu imekwisha, mbio zimeanza kweli. Sheria hii ina kikomo kimoja: dimbwi lenye maji usiyoona chini yake, au lililofunikwa na barafu nyembamba, huingiwi kwa kasi. Tembea, mguu upapase kwanza.

Wanariadha wakubwa nao wamelipitia tope. Mwaka 1989 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Stavanger, Norwei, kwenye tope zito, na John Ngugi wa Kenya akashinda kwa mara ya nne mfululizo. Tope ni sehemu ya mchezo huu tangu zamani. Lina namna yake ya kukimbiwa.

Fupisheni hatua, kisha fupisheni tena. Mguu utue chini ya nyonga, usitue mbele ya mwili. Mguu unaotua mbele huteleza mbele na kukuangusha chali, ilhali ukitua chini ya uzito wako unateleza kidogo tu na hatua inayofuata inakuokoa. Usisukume kwa ncha za vidole kama unayetafuta kasi. Inua mguu kwenda juu, kama unauchomoa. Mikono iachie pembeni, viwiko nje, hata kama hupendezi. Macho yatazame mita tatu hadi tano mbele. Anayetazama vidole vyake huliona jiwe likiwa limeshafika.

Mizizi iliyolowa ndiyo adui ninayemheshimu kuliko wote. Mzizi usio na gamba ni laini kama kioo, na ukiukanyaga kwa urefu wake umeanguka. Uruke. Ikishindikana, ukanyage kwa upana wake, wayo wote ukiwa bapa, bila kusukuma. Madaraja ya mbao yanayovuka vijito yachukulieni vivyo hivyo: pole, mwili wima, bila kukata kona. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki. Katika msitu uliolowa methali hiyo inafuatwa neno kwa neno.

Kwenye vilima vikali tembeeni. Mikono isukume mapaja, kisigino kichimbe ngazi. Anayelazimisha kukimbia anateleza hatua moja nyuma kwa kila mbili za mbele na kufika juu akihema bure. Kushuka ni kinyume cha silika: mwili unataka kulala nyuma, na ukilala nyuma visigino vinaondoka. Kunja magoti kidogo, kifua kiwe mbele, hatua ndogo za haraka. Mkiona utelezi umezidi, shukeni kiubavu.

Jalidi ikiwa imeganda, sahauni nusu ya niliyosema. Tope lililoganda lina mifereji migumu ya magurudumu na nyayo za wanyama, na hapo ndipo vifundo huteguka. Asubuhi za namna hiyo tunapita kwenye majani ya pembeni pale inaporuhusiwa, au tunatembea.

Kukimbia kama wawili

Kwenye kijia chembamba, aliye taratibu atangulie. Akibaki nyuma atajikaza ili asiachwe, na mtu anayejikaza ndiye anayeanguka. Wa nyuma aache mita tatu au nne, zaidi wakati wa kushuka, ili aone ardhi kabla ya kuikanyaga. Semeni kwa sauti: "Mzizi!" "Waya!" "Shimo kushoto!" Tawi mkilisukuma msiliachie limpige mwenzenu usoni, piteni chini yake au mlitaje.

Kila penye njia panda, wa mbele asubiri. Na hapa kuna adabu ambayo wengi hawaijui: wa nyuma akifika, msiondoke papo hapo. Wewe umeshapumzika dakika nzima, yeye ndiyo kwanza amefika. Mpe pumzi naye.

Zungumzeni. Mazungumzo ndiyo kipimo bora cha kasi kuliko saa yoyote ya mkononi. Mkiweza kumaliza sentensi nzima, kasi ni sawa. Mwenzako aliyekuwa akisimulia akinyamaza ghafla, muulize jambo linalohitaji jibu refu. Sauti inayokokota au jibu lisiloeleweka ni dalili ya kwanza ya baridi kuingia, na yeye mwenyewe hataiona.

Mashambani

Geti lililofungwa lifungeni, lililo wazi liacheni wazi. Mfugaji ana sababu zake. Shikeni njia ya miguu hata ikiwa na tope kuliko shamba lililo kando yake, kwa maana mazao machanga hufa yakikanyagwa kwenye udongo uliolowa. Mkikaribia ng'ombe, acheni kukimbia, zungukeni kwa mbali, na msipite kamwe kati ya mama na ndama. Kondoo wengi huwa na mimba msimu huu na hawapaswi kutimuliwa. Panapowindwa, vaeni rangi kali zinazoonekana.

Kijito kilichofurika kina sheria fupi: maji yanayokwenda kasi yakifika magotini, hakuna kuvuka. Rudini mlikotoka.

Mmoja akiumia

Hapa ndipo msome mara mbili.

Kabla hujautazama mguu, mvalishe. Sweta kavu, koti la mvua, kofia, glavu za akiba, kisha blanketi la dharura lizungushwe mwilini ndani ya koti, lisije likapeperuka. Mkalishe juu ya mifuko yenu au rundo la matawi, kwa kuwa ardhi iliyolowa hunyonya joto haraka kuliko hewa. Wewe mzima nawe vaa, umesimama pia. Mpe kitu kitamu ale.

Ndipo muuangalie mguu. Kama mtatembea, msimvue kiatu, kwani ukishavimba hakitarudi. Fungeni bandeji juu yake. Akiweza kukanyaga hatua nne, jaribuni kurudi taratibu kwa njia fupi. Asipoweza, mchukulieni kama aliyevunjika na muombe msaada. Jueni mapema namba ya dharura ya mahali mlipo. 112 inafanya kazi katika nchi nyingi. Ujumbe mfupi mara nyingine hupenya pale simu inapogoma. Tajeni mahali mlipo kwa namba za ramani ya simuni, kwa sababu "karibu na mti mkubwa" haimsaidii anayewatafuta. Ishara ya filimbi ni milio sita ndani ya dakika moja, dakika moja ya kimya, kisha kurudia. Anayejibu hupiga mitatu.

Swali gumu ni kama utamwacha. Mkiwa wawili na hakuna mtandao kabisa, huenda ikabidi. Mwache akiwa amevaa vyake na vya kwako vya ziada, akiwa na chakula, filimbi na taa. Andika mahali alipo kwenye karatasi au simu yako, usitegemee kumbukumbu, na funga kitu cha rangi kali kwenye mti ulio njiani. Nenda hadi mahali pa mwisho mlipopata mtandao, ambapo kwa kawaida ni nyuma mlikotoka.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari kwa uhai. Kwanza mtu hutetemeka sana, hujikwaa, hudondosha vitu, maneno humkanganya. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi na anasinzia, hali imekuwa mbaya zaidi, wala msidhani amepata nafuu. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe. Mkingeni na upepo, mkumbatieni, na kama ana fahamu na anameza vizuri, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari.

Mkifika

Dakika kumi za kwanza baada ya mbio ni za nguo, picha zisubiri. Vueni vya juu kwanza, jikausheni kifua na mgongo, vaeni vikavu na kofia, ndipo mhangaike na viatu. Chupa ya chai iliyoachwa mahali pa kumalizia ni zawadi mtakayojishukuru nayo.

Viatu visafisheni siku hiyohiyo kwa maji baridi na brashi, hasa katikati ya meno. Udongo unaobaki kwenye soli unaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya miti, kama vile jamii ya Phytophthora inayoozesha mizizi, na kuvipeleka msitu mwingine. Ondoeni soli za ndani, jazeni magazeti, na baada ya saa moja au mbili badilisheni yaliyolowa. Msiviweke karibu na moto wala hita, gundi itaachia. Vitaonekana vikavu kesho yake, lakini ingiza mkono mpaka kwenye vidole. Mara nyingi pale bado pana unyevu, na vinahitaji siku moja zaidi.